Vumbi la Maganda ya Risasi: Barua ya Wazi kwa Wazungumzaji wa Kiswahili Walioko Marekani

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani wanaojaza risasi majumbani, kwa wenzi wao, na kwa viongozi wa jumuiya zao

Risasi ikishafyatuliwa, kichwa chake huenda kwenye shabaha na ganda lake huanguka miguuni pa mpigaji. Ganda hilo ni la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, na laweza kutumika tena mara nyingi. Ndiyo sababu walengaji shabaha wengi wa Marekani huyaokota maganda yao, wakayasafisha, wakayatia fataki mpya (kiwashio kidogo cha baruti kilicho kitakoni), baruti mpya na kichwa kipya. Kwa matumizi ya mwenyewe, sheria ya shirikisho haidai leseni ya kazi hiyo ya kujaza risasi. Wahamiaji wa Afrika Mashariki wanaojiunga na klabu za shabaha huipokea kutoka kwa wanachama waliotangulia, na mara nyingi huipokea pamoja na desturi zake mbaya. Desturi mbaya kuliko zote ni kuyasafisha maganda ndani ya nyumba wanamoishi watoto.

Hatari haimo kwenye shaba. Imo kwenye masizi meusi yaliyoganda ndani ya ganda na kuzunguka kitako chake. Fataki nyingi zinazouzwa leo zina kemikali iitwayo stifnati ya risasi, ambayo zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni madini ya risasi. Huchanganywa na nitrati ya bariamu na salfaidi ya antimoni. Pini ya bunduki ikiigonga fataki, mchanganyiko huo huwaka kwa joto kali mno, na madini ya risasi hugeuka mvuke. Mvuke nao hupoa papo hapo, ukawa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Sehemu ya chembe hizo hutoka na moshi, sehemu hubaki ndani ya ganda. Kichwa cha risasi ambacho kitako chake hakikufunikwa kwa shaba nacho hulambwa na moto huo, kikaongeza chembe zake. Kichwa kilichofunikwa pande zote huupunguza mchango huo wa pili, lakini hakibadili chochote katika kile kinachotoka kwenye fataki. Wapo wanaonunua vichwa vya namna hiyo wakaona wamemaliza kazi ya kujikinga, na maganda yao yana sumu ileile.

Kulishika ganda kwa mkono si jambo la kuogofya lenyewe. Madini ya risasi ya aina hii hayapenyi ngozi kwa kiasi cha kutia shaka. Njia zake ni mbili: pua na mdomo. Chembe laini zikivutwa na pumzi hufika ndani kabisa ya mapafu, na sehemu kubwa yake huingia kwenye damu. Zinazomezwa, kutoka vidoleni, kwenye sigara au kwenye kipande cha mkate, huingia kwa kiasi cha takriban asilimia 10 kwa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo kiasi hicho chaweza kufika asilimia 50. Tofauti hiyo ya mtu mzima na mtoto ndiyo kiini cha barua hii, kwa kuwa anayeichagua kazi hii ni mtu mzima, na mtoto aliye sakafuni hakuulizwa.

Mwili huyachukua madini ya risasi kana kwamba ni kalisi. Katika damu, nusu yake huondoka baada ya mwezi mmoja hivi. Kinachobaki huhamia mifupani, na huko hukaa miaka 10 hadi 30. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya madini ya risasi yote aliyonayo imo mifupani. Kwa hiyo mtu aliyeacha kujaza risasi miaka mingi iliyopita bado anabeba sehemu ya vumbi lake, na mwanamke aliyelivuta kabla ya ndoa huweza kumpitishia mtoto tumboni, kwa kuwa wakati wa ujauzito mifupa huachilia kalisi na kuachilia risasi pamoja nayo. Kondo la nyuma haliizuii. Kwa watu wazima, madini haya hupandisha shinikizo la damu, huumiza figo na neva, na hudhoofisha uzazi wa wanaume na wanawake. Kwa watoto huharibu ubongo unaokua: akili ya kujifunza hupungua, utulivu hupungua, na kilichopotea hakirudi.

Mengi ya hayo hutokea bila dalili. Anayeumwa kichwa, anayechoka upesi, anayepata choo kigumu, anayekuwa mwepesi wa hasira au msahaulifu, ana sababu mia za kudhani ni kazi za zamu mbili au usingizi mchache. Daktari asiyeambiwa kwamba mgonjwa hujaza risasi hana kinachomfanya afikirie madini ya risasi.

Kipimo cha damu huhesabiwa kwa mikrogramu katika kila desilita. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchini Marekani, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya CDC hutumia mikrogramu 3.5 kuwa kiwango cha kumtambua mtoto mwenye madini ya risasi mengi kuliko watoto wengi wa rika lake. Kiwango hicho kilikuwa 10 mwaka 1991, kikashushwa hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Kimeshuka kwa sababu nchi yenyewe imesafika. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wastani wa watoto wadogo wa Marekani ulikuwa karibu mikrogramu 15. Leo uko chini ya 1. Yaliyoleta nafuu hiyo ni kuondolewa kwa risasi kwenye petroli, kupigwa marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978, na kuachwa kwa makopo ya chakula yaliyoungwa kwa risasi. Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilifuata kwa petroli mwishoni mwa 2005. Taifa zima limetumia nusu karne kuiondoa sumu hii kwenye hewa ya watoto, na mashine moja ya kusafishia maganda yaweza kuirudisha kwenye chumba kimoja kwa jioni moja.

Kazini, mfanyakazi ana sheria inayomkinga, ingawa ni ya zamani. Kanuni ya mwaka 1978 ya OSHA, mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini, inaweka kikomo cha mikrogramu 50 za risasi katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa 8 za kazi, na humlazimu mwajiri kuwapima damu wafanyakazi walio hatarini. Mwishoni mwa 2012, Baraza la Taifa la Utafiti lilichunguza afya ya wanajeshi wanaofanya kazi kwenye viwanja vya shabaha na kuhitimisha kwamba madhara hutokea hata kwa viwango vya damu vilivyo chini ya mikrogramu 40, ambavyo kanuni hiyo ilivivumilia. Kanuni hiyo dhaifu, hata hivyo, haivuki kizingiti cha nyumba. Anayejaza risasi gerejini kwake hana mkaguzi, hana mwajiri wa kumpima, hana bango la onyo ukutani. Usalama wa nyumba yake ni maarifa yake tu.

Watoto wa familia za wakimbizi na wahamiaji wana sababu za ziada za kulindwa. Mwaka 2000, huko Manchester, New Hampshire, binti wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa sumu ya madini ya risasi iliyotokana na rangi ya nyumba ya kale waliyopangishwa. Kifo hicho ndicho kilichosukuma mapendekezo ya kuwapima damu watoto wakimbizi mara tu wanapowasili na kuwarudia wadogo miezi michache baadaye. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi huyafyonza madini ya risasi kwa wingi zaidi, na upungufu huo ni wa kawaida kwa watoto waliolelewa kambini, wakiwemo wengi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili. Baadhi ya wanja unaopakwa machoni nao una risasi. Mtoto kama huyo huenda ana kiasi mwilini kabla baba yake hajanunua mashine.

Watu wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa jinsi sumu hii inavyofuata mtu nyumbani. Phyllis Omido alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu karibu na mtaa wa Owino Uhuru, na aliyeugua akapatikana na madini ya risasi alikuwa mwanawe mchanga. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurejesha Desemba 2024. Kiasi cha vumbi la kiwanda na kiasi cha vumbi la gereji havilingani hata kidogo. Ila njia ni hiyohiyo: nguo, viatu, mikono, kisha mtoto.

Kinga huanzia uwanjani. Sakafu ya uwanja wa shabaha, hasa ulio ndani ya jengo, imejaa vumbi la risasi za kila aliyepita hapo. Maganda huokotwa kwa glavu au kwa chombo cha kuzolea, yakatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Kuyatia kwenye kofia na kisha kuivaa kofia hiyo kurudi nyumbani ni desturi inayoonekana karibu kila uwanja, na ni kujimwagia vumbi kichwani. Mfukoni pia si mahali pake. Desturi iliyo mbaya kuliko hizo mbili ni kuwatuma watoto waokote kwa sababu wao ni wepesi wa kuinama. Hapa mtu mzima hana udhuru. Kabla ya kunywa maji, kula au kuwasha sigara, mikono na uso huoshwa. Ndoo husafiri kwenye buti la gari, mbali na viti vya watoto, na viatu vilivyokanyaga uwanja huvuliwa nje ya mlango.

Baada ya hapo ndipo huja kazi yenyewe ya kusafisha, na ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko wote: kavu au maji.

Njia kavu ndiyo ya zamani. Maganda hutiwa kwenye bakuli la mashine inayotetema, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi yaliyopondwa. Mashine huachwa itetemeke kwa saa kadhaa hadi shaba ing'ae. Kung'aa huko kuna bei yake: masizi yote yaliyokuwa yameganda ndani ya maganda sasa yamebanduliwa na kusagwa kuwa unga, na unga huo umechanganyika na magunzi. Wakati mashine inatetema, vumbi hupenya kwenye kifuniko. Hatari kubwa zaidi huja mwisho, mashine ikishazimwa. Mtu hufungua kifuniko, humimina kila kitu kwenye chekeche, akaanza kuchekecha, na wingu humpanda usoni. Dakika hizo chache za kuchekecha huweza kumpa pumzi chafu kuliko saa zote za mashine, na ndizo zinazofanywa bila barakoa kwa kuwa kelele imekwisha na kazi inaonekana imekwisha. Anayechekecha jikoni, sebuleni au kwenye chumba cha chini cha nyumba hulitawanya vumbi hilo kwenye zulia, kwenye mapazia na kwenye mifereji ya kipasha joto, ambayo huligawa chumba hadi chumba.

Wanaotumia njia hii wana mbinu za kupunguza vumbi. Vitambaa vya kulainishia nguo vilivyokwisha kutumika kwenye mashine ya kukaushia hukatwa vipande na kutiwa pamoja na magunzi ili vinase unga. Kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa cha mafuta ya kuzimulia rangi, au cha dawa ya kung'arishia isiyo na amonia, huyafanya magunzi yawe na unyevu kidogo. Magunzi yaliyogeuka meusi hutupwa mapema. Mbinu hizi zinasaidia kweli, lakini hazitoshi. Magunzi yenye unyevu bado yana risasi yote yaliyoibandua, na kitambaa kilichonasa unga ni uchafu wa sumu, sharti ufungwe kwenye mfuko. Anayelazimika kubaki na njia kavu aifanyie nje ya nyumba kabisa, amesimama upande unakotoka upepo, na mashine isifunguliwe mpaka vumbi litulie. Avae barakoa ya mpira yenye vichujio vya daraja la P100. Barakoa ya hospitali haizuii chembe hizi, na hata ile ya mpira haifungi vizuri juu ya ndevu. Gereji iliyoungana na nyumba haihesabiki kuwa nje, kwa kuwa hewa yake huingia ndani kila mlango unapofunguliwa.

Njia ya maji ni bora, na tofauti yake si ndogo. Maganda huwekwa kwenye pipa linalozunguka, pamoja na maji, matone ya sabuni ya vyombo, asidi ya limau kiasi cha kijiko na, kwa wanaopenda kung'aa hadi ndani, pini ndogo za chuma kisichoshika kutu. Wengine hutumia chombo cha mawimbi ya sauti, ambacho hutikisa maji kwa kasi isiyosikika. Vyovyote iwavyo, masizi hubanduka ndani ya maji, na kilicholowa hakiruki hewani. Mapafu yameepushwa. Hatari iliyobaki ni ya mikono na ya maji yenyewe, na hizo ni rahisi zaidi kuzidhibiti.

Fataki za zamani hutolewa kabla ya kuosha, ili maji yafike kwenye tundu lake, ambako masizi ni mazito. Hatua hii huangusha unga mweusi kwenye kikombe cha mashine ya kutolea fataki na juu ya meza. Unga huo ni miongoni mwa vitu vichafu kuliko vyote katika kazi nzima, na wengi huupuliza kwa mdomo au kuupangusa kwa kiganja. Njia salama ni glavu, kikombe kinachomiminwa taratibu kwenye mfuko unaofungwa, na kitambaa chenye maji.

Si kila kinachong'arisha shaba kinafaa kwa maganda. Amonia huipasua shaba ya manjano iliyo na mkazo ndani yake, kama ganda lilivyo. Jeshi la Uingereza nchini India lililiona jambo hilo kwa mshangao: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka maganda zenyewe, na mwaka 1921 wataalamu wa metali wakaeleza kwamba mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi ndio uliofanya kazi hiyo. Siki kali nayo, au asidi iliyozidi muda, huila zinki na kuliacha ganda likiwa la waridi na dhaifu. Asidi huyeyusha pia sehemu ya madini ya risasi, hivyo maji yanayoonekana yametulia na kuwa maangavu bado yana sumu.

Maji hayo hayamwagwi kwenye sinki la jikoni, wala bustanini, wala kwenye shimo la maji taka la nyumba. Hutiwa kwenye dumu lenye alama, pamoja na ya suuzo la kwanza, na kupelekwa kwenye kituo cha kaunti kinachopokea taka hatari za majumbani. Kaunti nyingi huzipokea bila malipo kwa siku maalumu. Fataki zilizotumika, magunzi machafu, vitambaa na glavu huenda njia hiyohiyo. Kuhusu vyombo, kanuni ni moja: kilichogusa maganda hakirudi kwenye chakula. Chujio la tambi lililotumika kuchujia maganda limekwisha kuwa chombo cha maganda. Kuyakausha maganda kwenye oveni ya kuokea mikate ni kosa linalofanywa na watu wenye busara zao, kwa kuwa huyaona yameshang'aa na kudhani yametakata. Taulo kuukuu juani, au kikaushio kilichonunuliwa kwa kazi hiyo peke yake, hutosha.

Chumba cha kazi kina masharti yake. Sakafu iwe ngumu, ya saruji au vigae, kwa kuwa zulia halisafishiki. Ufagio mkavu haufai, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ni mbaya kuliko ufagio: hulivuta vumbi mbele na kulitoa nyuma likiwa laini zaidi. Inayofaa ni yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Asiye nayo apanguse kwa maji ya sabuni na kitambaa cha kutupwa. Chakula, kinywaji, sigara na simu havikai mezani. Simu husahaulika, na ndiyo inayokwenda shavuni baada ya hapo. Shati na suruali za kazi huvuliwa hapohapo na kufuliwa peke yake. Mikono huoshwa kwanza kwa maji ya baridi na sabuni, kwa kusugua hadi chini ya kucha, kisha kuoga huja kabla ya kumbeba mtoto. Sabuni ya kawaida haiiondoi risasi yote, na watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya usalama kazini, walibuni vitambaa maalumu vya kuifutia, pamoja na kipimo kinachobadilika rangi kikigusa mkono wenye risasi. Bidhaa za namna hiyo zinauzwa madukani.

Wapo wanaokwenda hatua moja zaidi na kuyeyusha madini ya risasi ili wajitengenezee vichwa. Huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto linalofikiwa na jiko lolote la nyumbani, na urahisi huo ndio mtego wake. Kazi hiyo haina nafasi ndani ya nyumba kwa namna yoyote. Fataki zisizo na risasi zipo sokoni, ila maganda ya kuokota uwanjani huchanganyika, na hakuna awezaye kuyatofautisha kwa kuyatazama. Yote hushughulikiwa kama yana sumu.

Hatua hizi zote zina mwamuzi mmoja, nao ni damu. Anayejaza risasi anapaswa kupimwa walau mara moja kwa mwaka, pamoja na kila mtoto wa nyumba hiyo na kila mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba. Damu ichukuliwe mshipani. Tone la kidoleni huchafuka kwa urahisi kwa vumbi la ngozi, na kwa mtu huyu kidole ndicho kichafu kuliko sehemu zote za mwili. Watoto wanaohudumiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wana haki ya kipimo hiki wakiwa na miezi 12 na miezi 24, na mzazi hakilipii chochote. Kiwango kikiwa kimepanda, tiba ya kwanza ni kukizima chanzo. Dawa za kuivuta risasi mwilini zipo, lakini kwa watoto hufikiriwa kuanzia mikrogramu 45, na hazirudishi kilichoharibika ubongoni.

Kwa hayo, viongozi wa jumuiya za Wakenya, Watanzania, Wakongo, Waganda, Warundi na Wanyarwanda nchini Marekani, maimamu na wachungaji wao, na wanaoandaa siku za afya za jumuiya hizo wanaombwa kuweka swali moja kwenye fomu zao: je, kuna mtu nyumbani anayelenga shabaha au kujaza risasi? Wakalimani wa Kiswahili mahospitalini waliulize swali hilo bila kungoja daktari alitaje. Na kila mwenye mashine kavu ndani ya nyumba yenye mtoto anaombwa aizime, aitoe nje, na ampeleke mtoto huyo kupimwa damu wiki hii.